Aliyebebwa Mgongoni

Tilake alipewa nishani kwa kumbeba mtu mgongoni hatua mia mbili chini ya risasi. Hiyo ndiyo habari inayojulikana kijijini kwetu. Imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri iliyotundikwa ukutani kwake, na husomwa shuleni kila mwaka siku ya kuwakumbuka mashujaa. Aliyebebwa hatajwi jina. Karatasi inasema tu "mwenzake aliyejeruhiwa." Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeuliza ni nani.

Jina kamili la Tilake ni Karunatilaka, lakini wanaolitumia ni jeshi na mwalimu mkuu peke yao. Alizaliwa chini ya tuta la bwawa letu, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mvua ilikosekana misimu miwili mfululizo. Bwawa likapasuka nyufa, nyati wakakonda, na lori la jeshi likaja sokoni na vipaza sauti. Nisiume maneno: vita vile vilipiganwa na watoto wa wakulima. Sisi Wasinhala wa vijiji vikavu tulitoa wetu kwa jeshi, Watamil wa vijiji vikavu vya kaskazini wakatoa wao kwa waasi, na watoto wa wale waliopiga kelele majukwaani walikuwa ng'ambo wakisoma. Sijasikia hata siku moja kwamba lori lile lilisimama mbele ya nyumba yenye geti.

Aliyepanda lori pamoja naye ni Upatissa, mtoto wa pekee wa kiume wa jirani yao, mama Podimenike. Wawili hao walikuwa wamekua kwenye mkeka mmoja. Mpunga ukikobolewa nyumba hii wanakula huku, ukikobolewa ile wanakula kule. Upatissa alikuwa na mdomo. Hata kwenye foleni ya kupimwa urefu hakunyamaza.

"We Tilake, ukipewa buti zinazokubana usizitupe, nipe mimi. Mguu wangu haujawahi kuona kiatu, hauna maringo."

"Buti zenyewe wanakata kwenye mshahara, mjinga wewe."

"Basi nitavaa moja, wewe vaa nyingine, tugawane deni."

Podimenike alisimama kando ya lori na binti yake Chandra, mwenye miaka kumi na miwili. Hakulia. Alimwambia Tilake neno moja tu: "Mwanangu, huyu usimwache nyuma. Akianza porojo anasahau njia."

Vita vyenyewe Tilake hakuvisimulia, na mimi niliyoyapata nimeyapata kidogo kidogo. Mwaka wa tisini na nane kikosi chao kilikuwa kaskazini, kwenye mchanga wenye miti ya mivumo iliyokatwa vichwa na mizinga. Asubuhi moja waasi walishambulia, na kufikia saa sita mchana mivumo ilikuwa inaungua na moshi umefunika kila kitu. Waliamriwa kurudi nyuma ya tuta la mchanga. Walipofika na kuhesabiana, Upatissa hakuwapo.

Ndipo walipoanza kusikia sauti. Zilikuwa mbili. Moja ilitoka kushoto, nyingine kulia, na zote ziliita neno moja: "Amma! Amma!"

Kwetu mama anaitwa amma. Kwa Watamil pia mama anaitwa amma. Maji tunayaita tofauti, wali tofauti, Mungu tofauti, na tumeuana kwa sababu ya hizo tofauti. Lakini mtu akivunjika mfupa, awe wa huku au wa kule, hulia neno hilohilo. Na pale, masikio yakiwa yanavuma kwa mabomu, Tilake alisikiliza sauti mbili zikilia neno moja, akaamua kwamba ya kulia ndiyo ya Upatissa. Ilikuwa na mkwaruzo, kama Upatissa akiwa na mafua.

Hakungoja ruhusa. Aliruka tuta akakimbia akiinama, kisha akatambaa. Alimkuta mtu amelala kifudifudi, mweusi kwa masizi tangu nywele hadi kisigino. Akamgeuza, akamwinua, akamtupia mgongoni, akashika mikono yake miwili mbele ya kifua chake kama mtu anavyobeba gunia la mpunga kutoka uwanja wa kupuria. Risasi zilikuwa zinapiga mchanga. Katikati ya njia kipande cha chuma kikampasua goti la kushoto. Alianguka, akainuka, akaanguka, akaburuta.

"Tulia, mdomo wako uko wapi leo?" alikuwa anamwambia aliyeko mgongoni. "Sema hata upuuzi. Tulia, tumefika."

Walipowavuta wote wawili nyuma ya tuta, koplo mmoja akamwaga maji usoni mwa yule mtu ili amsafishe. Kisha akarudi nyuma kama aliyeguswa na nyoka.

"Tilake, umembeba nani wewe?"

Shingoni mwa yule kulikuwa na uzi mweusi, na kwenye uzi kichupa kidogo cha sumu, kile walichovaa waasi ili wasikamatwe wakiwa hai. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, labda kumi na saba. Hakuwa na nguvu hata ya kukifikisha kinywani. Tilake alimpa maji kutoka kwenye chupa yake. Alikunywa, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, akafa kabla chupa haijafungwa.

Na sauti ya kushoto ilikuwa bado inaita.

Tilake alijaribu kusimama, goti likakataa. Alijaribu kutambaa, luteni akamkalia kwa nguvu zake zote. Iliita mara nne zaidi. Alizihesabu. Kisha ikanyamaza, na baada ya nusu saa wakaamriwa kuondoka, na mahali pale pakawa pa waasi kwa miaka kumi na moja.

Luteni alikuja hospitalini na karatasi. "Siku ile tulipoteza watu thelathini," alisema. "Wakubwa wanataka kitu kimoja kizuri cha kuandika. Wewe ndiye hicho kitu."

"Afande, nilimbeba adui. Nilikosea."

"Ulitoka kwenye tuta au hukutoka?"

"Nilitoka."

"Risasi zilikuwapo au hazikuwapo?"

"Zilikuwapo, afande."

"Basi. Nani alikuwa mgongoni ni kazi yangu."

Hivyo ndivyo shujaa anavyotengenezwa. Ujasiri ulikuwa wa kweli, na goti lililopasuka lilikuwa la kweli. Wakaondoa jambo moja tu, lile lililokuwa na maana kuliko yote: kwamba mtu anaweza kufa kwa ajili ya adui yake kwa sababu tu amemsikia akimwita mama.

Tilake alirudi nyumbani na gongo na nishani. Kabla hajafika kwao, Podimenike alikuwa amesimama barabarani.

"Mwanangu. Upatissa ulimwona?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na moshi."

"Ulimsikia?"

Na hapo akasema uongo. "Sikumsikia."

Mama yule akamshika mkono. "Ulimbeba aliyekuwa karibu nawe. Ndivyo ilivyo. Hata huyo ana mama. Wangu wamemkamata tu. Kwa porojo zake watamchoka, watamwachia."

Barua ya jeshi ilisema Upatissa "hajulikani alipo." Si maiti, si mateka. Podimenike akaweka nadhiri mbele ya mungu wa bwawa letu: hatakula wali mpaka mwanawe ale wali kutoka mkononi mwake. Atakula uji wa ulezi, mara moja kwa siku. Watu walidhani ni miezi. Ikawa miaka. Vita viliisha, wafungwa wakahesabiwa, orodha zikabandikwa ukutani, jina la Upatissa halikuwapo, na yeye akaendelea na uji wake.

Kwetu mtu akifa, familia huwaita watawa wa hekalu na kuwalisha, kisha mama au mtoto humimina maji kutoka kwenye birika ndani ya kikombe mpaka kikombe kifurike, na thawabu za chakula kile zinamfuata marehemu aliko. Asiyemiminiwa maji hutangatanga na njaa. Mtawa mkuu wa hekalu letu alimwendea Podimenike mara tatu. Kila mara alijibiwa kwa adabu, mikono imeunganishwa: "Mheshimiwa, nikimmiminia maji mtu aliye hai, si nitakuwa nimemuua mimi?"

Tilake alipewa kazi ya kulinda lango la bwawa, kufungua maji kwa zamu kwenye mashamba. Alioa, mke wake Kusumalata akamzalia mabinti wawili. Kwenye kibanda cha chai vijana walimwita Nishani.

"Nishani huyo! Inukeni kwenye benchi!"

"Kaka Tilake, leo panda mgongoni kwangu nikufikishe langoni. Na mimi nataka nishani."

"Wewe hata kikombe chako cha chai hukibebi mpaka mkeo aje," alikuwa akiwajibu, nao wakicheka, na yeye akicheka. Kisha alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, ambako Podimenike alikaa kila asubuhi basi la kwanza lilipofika, akiwatazama wanaoshuka.

Mwaka jana, mwezi wa nne, wiki moja kabla ya mwaka mpya wetu, Podimenike alizirai kando ya kisima. Daktari wa zahanati alimwambia Chandra kwamba mama yake hana ugonjwa. Ana njaa tu, na njaa hiyo ikiendelea hataiona miezi miwili. Chandra, sasa mwanamke mwenye watoto, alimfuata Tilake juu ya tuta.

"Kaka, wewe ulikuwapo kule."

"Nilikuwapo."

"Mimi sikuulizi ulichokiona. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie amekufa. Wewe tu ndiye atakayekuamini, una karatasi ya serikali ukutani. Mwambie amekufa, amimine maji, ale wali. Kama ni uongo, dhambi yake naibeba mimi."

Tilake alitazama maji ya bwawa. "Si uongo," akasema.

Chandra alimtazama. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Alimpiga kofi. Mwanamke wa kijiji kumpiga shujaa wa taifa kofi juu ya tuta, mchana, mbele ya wavuvi wawili! Kisha akafuta macho kwa ncha ya nguo. "Kesho," akasema. "Kesho hiyohiyo."

Alikwenda kesho yake asubuhi, amevaa msuli mweupe, na mikononi ana fungu la majani ya tambuu. Kwetu mtu hampelekei mkubwa tambuu kwa mikono miwili ila kuna jambo. Podimenike alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kibarazani, mwembamba kama ufito.

"Majani yote hayo! Nani anaolewa? Mabinti zako bado hawajaota meno."

"Hakuna anayeolewa, mama." Alijaribu kupiga magoti, goti la kushoto halikunjiki, akaishia kukaa upande upande chini kama mtoto. Akaweka tambuu miguuni pake. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikudanganya. Nilimsikia."

Kisha akamwambia yote. Moshi. Sauti mbili. Jinsi alivyochagua ya kulia. Kichupa shingoni. Luteni na karatasi yake. Jinsi sauti ya kushoto ilivyoita mara nne na kunyamaza. "Aliita amma, mama. Alikuwa anakuita wewe. Nilimwacha. Nilibeba mtoto wa watu wengine nikamwacha wako. Amekufa. Mmiminie maji, nakusihi, anatangatanga kwa sababu yangu."

Chandra alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, tayari. Alikuwa ameshamtuma mtu hekaluni.

Podimenike hakulia. Alikuwa anafikiri, ungeona midomo yake ikihesabu.

"Sauti ya kulia ulijuaje ni yake?"

"Nilidhani ni yake. Ilikuwa kama yake."

"Mlilala mkeka mmoja miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikosea."

"Nilikosea."

Akainuka. Mwanamke ambaye siku mbili zilizopita alikuwa akibebwa kwenda chooni aliinuka, akakaa kitako. "Sasa ya kushoto unajuaje ilikuwa yake?"

Podimenike hakumngoja Tilake ajibu.

"Waasi pale walikuwa wachache?"

"Walikuwa wengi. Walijeruhiwa wengi."

"Basi hata yule wa kushoto anaweza kuwa wa kwao."

"Mama, Upatissa hakurudi."

"Yule uliyembeba alirudi kwao? Mama yake alimwona? Kuna mtu aliyemwandikia kwamba mwanao amebebwa na Tilake?" Macho yalikuwa yanamwaka sasa. "Wewe uliona mtu mweusi kwa masizi, ukasikia anaita amma, ukambeba. Si na wao wana macho hayohayo? Si na wao wana masikio? Kama wewe uliweza kumbeba wa kwao, kuna mmoja wao aliyeweza kumbeba wangu."

"Mama..."

"Miaka kumi na miwili nimekaa hapa kama gogo nikingoja aje mwenyewe. Kumbe yuko kwenye nyumba ya mtu!" Akageuka. "Chandra, weka hilo birika chini. Kuna wali?"

"Mama, upo. Lakini nadhiri..."

"Nadhiri nitaongea na mungu mwenyewe, ataelewa. Siwezi kusafiri kwa uji."

Akala. Wali na dengu na samaki mkavu wa bwawa, tonge baada ya tonge, sahani nzima, kisha akaomba nyingine. Kila tulichomwomba kwa miaka yote hiyo alikifanya asubuhi ile, na hakuna aliyethubutu kufurahi.

Chandra alimsindikiza Tilake mpaka kwenye uzio. Mtawa mdogo alikuwa anakuja njiani na mwavuli wake, ikabidi wamrudishe.

"Nilikuomba umzike, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Umemfufua."

"Nimesema kweli."

"Kweli yako ilikuwa wapi mwaka wa tisini na nane?"

Tilake akashika njia ya kwenda langoni kwake. Waliomfundisha kusema uongo ule walikuwa wamevaa nyota mabegani, na hakuna hata mmoja wao anayepanda basi na mama huyu.

Maana Tilake alipanda naye. Baada ya mwaka mpya, Podimenike akiwa na nguo safi, mfuko wa wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, na picha ya Upatissa ya siku ya kuandikishwa, walichukua basi la kaskazini. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Tilake aliiacha nishani nyumbani. Kwenye mji wa mwisho walimpata mwenye duka mmoja Mwislamu, Bwana Nawfar, anayezungumza lugha zote mbili, akakubali kuwapeleka mpaka kijiji kilicho karibu na ile mivumo.

"Kaka, mimi nitatafsiri," alimwambia Tilake njiani, "lakini kama ulikuwa jeshini, nakuomba mguu wako uwe uliumia kwa pikipiki."

"Mwambie mama," Tilake akajibu.

Mama hakuambilika. Chini ya kivuli cha ukuta wa hekalu lililobomolewa nusu, mbele ya wanawake saba au wanane wa Kitamil waliokuwa wanasuka makuti, alikaa mchangani bila kukaribishwa, akaiweka picha mbele yake, akamwonyesha Tilake kwa kidole.

"Waambie huyu alikuwa askari. Waambie siku ya moto wa mivumo alimbeba mtoto wao mmoja mgongoni, akampa maji. Mtoto alikufa mikononi mwake. Anataka kujua ni wa nani. Na mimi nataka kujua kama kuna mtu wao aliyembeba wangu."

Nawfar aliwageukia wanawake. Akatafsiri.

Mikono ikaacha kusuka. Tilake alifumba macho akingoja jiwe, na nadhani angeshukuru lingekuja. Hakuna aliyerusha kitu. Mwanamke mmoja aliinuka akaingia nyumbani kwake. Mwingine akafuata. Kisha wakaanza kutoka kwenye vibanda ambavyo wageni hawakujua kama vina watu, mbiombio, wakifuta mikono kwenye sari, kila mmoja ameshika picha. Picha za shule. Picha za kitambulisho. Picha zilizolowa maji mpaka uso umebaki nusu. Walizipanga mchangani mbele ya Tilake, pembeni ya ile ya Upatissa, wakasema wote kwa pamoja, na Nawfar aliacha kutafsiri kwa sababu walikuwa wanasema jambo moja: ndiye huyu?

Zilikuwa picha thelathini na moja. Picha ya Upatissa hakuna aliyeijua. Waliipokezana, wakaitazama kwa heshima, wakatikisa kichwa, wakairudisha. Kisha wakamgeukia yeye.

Tilake aliokota ya kwanza. Anaujua uzito wa yule kijana. Mpaka leo mgongo wake unaujua. Anaijua mikono yake, na uzi shingoni. Uso aliuona kwa muda wa kunywa maji tu, umejaa masizi na matope, na Tilake mwenyewe alikuwa akilia. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ingeweza kuwa yeye. Alipofika ya kumi, mwanamke mwenye picha ile alikuwa amemshika kifundo cha mkono bila kujua, kucha zimeingia kwenye ngozi.

"Sijui," alisema. "Bwana Nawfar, waambie sijui. Waambie wanisamehe, sikuuona uso wake vizuri."

Nawfar aliwaambia. Hakuna aliyeondoa picha yake.

Podimenike alisogea karibu, akachukua ya kwanza kutoka mchangani, akaipangusa kwa kiganja, akamwekea tena mkononi.

"Hii umeipita haraka," akasema. "Mama yake yuko hapa. Anza upya."